Jina Moja kwenye Rimoti

Kitu cha kwanza alichokiona Zakia, mfagiaji wa karakana, Jumatano ile kilikuwa kidogo sana. Kwenye kioo cha rimoti ya mashine ya kuchonga mbao palikuwa na jina moja. Jana yake jioni yalikuwa mawili.

Ilipofika saa tatu kasorobo, karakana ya Mzee Elieza pale Daraja Mbili ilikuwa kimya. Ubao wa mringaringa ulilala juu ya meza ya mashine, umeharibika. Palipotakiwa maandishi membamba ya altare palikuwa na mitaro minene kama kidole gumba, mingine imetoboka hadi chini. Mti wa ubao ule aliupanda marehemu mume wa Mama Ndeshi, mteja mwenyewe, kwao Nkoaranga, na ubao ulikuwa wa kumkumbuka, uwekwe kanisani. Mti mzima ulitoa ubao mmoja tu wa upana huo.

"Hii ni hujuma," Mzee Elieza alisema, akapiga simu polisi.

Sajenti Namnyaki alifika saa tatu na nusu. Alikuwa mwanamke mrefu asiye na haraka. Alifungua daftari akauliza nani aliwasha mashine.

"Mimi, afande," alisema Muzammil, fundi wa mashine. "Saa mbili na dakika kumi."

"Ukakaa nayo?"

"Hapana. Kinaanza kisu kinene, kinachimba dakika thelathini hivi. Kikimaliza, mashine inasimama yenyewe. Naweka kisu chembamba cha herufi, naita faili la pili. Kila kisu na faili lake. Nilikuwa uani napiga rangi, kompresa inanguruma."

"Leo ikasimama?"

"Haikusimama. Ilichonga herufi kwa kisu kile kile kinene. Zakia alikuja kuniita mbio. Tulipofika, basi."

"Sema yote, fundi," alidakia Rodrick, mpwa wa Mzee Elieza, aliyechora kazi kwenye kompyuta na kupokea wateja. "Mwambie afande ile karakana ya kule Sakina imekuita kazini."

"Nimeitwa. Sijakubali."

"Ukaona utuachie kumbukumbu kabisa."

Sajenti akaichukua rimoti, akaitazama. "Unasema mafaili mawili. Hapa naona moja. NDESHI 1."

"Niliseti mawili jana saa tisa, nikayaweka kwenye flashi. NDESHI 1 na NDESHI 2."

"Na asubuhi ulipobonyeza hukuona limebaki moja?"

"Mimi nabonyeza la juu, afande. La juu ndilo la kwanza siku zote. Sikuangalia chini yake."

"Funguo za hapa anazo nani?"

"Mimi, Rodrick, na huyu binti anayefagia," alisema Mzee Elieza. "Mimi nimelala Usa River."

"Mimi nimefika saa tatu," alisema Rodrick. "Nimekuta balaa lishatokea."

Sajenti aliandika, akafunga kalamu. "Fundi, tutaongozana kituoni ukaandike maelezo."

Muzammil akavua aproni. Akaikunja mara nne, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za safari. Mzee Elieza alitazama pembeni.

Zakia alikuwa anafagia kuzunguka meza. Aliacha shule darasa la tano, na maneno marefu yalimchosha, lakini tarakimu alizijua vizuri. Alisimama mbele ya ubao, akatazama karatasi ya mchoro iliyobandikwa ukutani, ile ambayo Mama Ndeshi aliisaini Ijumaa. Akatazama tena ubao. Akakohoa.

"Afande..."

"Na dada wa vumbi naye ni shahidi!" Rodrick alicheka.

Zakia alinyoosha mpini wa ufagio hadi kwenye karatasi, kisha kwenye ubao. Sajenti akaufuata kwa macho. Kwenye karatasi mwaka wa kuzaliwa marehemu ulikuwa 1947. Kwenye ubao herufi zote zilikuwa zimeharibika, ila mtaro wa tarakimu ya mwisho ulizunguka juu ukafunga duara.

"Saba haina kichwa cha mviringo," Sajenti alisema polepole. "Hii ni tisa. Fundi, nani alibadilisha mwaka?"

"Sijui, afande. Mimi nilichukua mchoro kama ulivyo ukutani."

Sajenti akaazima simu ya Mzee Elieza, akampigia Mama Ndeshi, akaiweka mezani kwenye spika.

"Shikamoo, mama. Ulibadilisha mwaka kwenye ubao wako?"

"Marahaba, mwanangu. Eeh, nilibadilisha. Tulipata cheti cha ubatizo, kumbe mzee ni wa arobaini na tisa. Nikampigia Rodrick Jumatatu. Akasema, mama usihangaike, fundi ameshaambiwa."

Wote wakamgeukia Rodrick.

"Nilisahau kusema. Basi," alijibu. "Kusahau ni kosa la jinai?"

"Kompyuta ya ofisini ilikuwa ya moto," alisema Zakia, akiangalia chini. "Naifuta vumbi saa moja na nusu. Leo ilikuwa ya moto. Na kwenye rimoti jana jioni majina yalikuwa mawili, leo moja. Mimi ndiye nafuta kioo chake."

Rodrick alikaa juu ya gogo.

"Nilikuja saa moja," alisema hatimaye. "Nilijua fundi akichonga saba, mama atasema aliniambia. Nikabadilisha mwaka, nikaseti upya. Palikuwa na visanduku vya kuweka tiki, nikaweka tiki kote, likatoka faili moja. Nikalipa jina lile lile la kwanza, nikafuta lile la pili, nikaondoka kabla mtu hajafika. Sikujua kama kila kisu kinataka faili lake. Wallahi mjomba, nilidhani mashine itasimama yenyewe."

"Na ulipoona ubao?" Mzee Elieza aliuliza.

"Ungenifukuza."

"Kwa hiyo ukamtupia mwenzako."

Sajenti alifunga daftari. "Mzee, hujuma sina hapa. Nina mtu aliyesema uongo. Huyo ni wako." Akatoka.

Ndipo simu mezani ikasema, "Haloo? Jamani, kwani ubao umekwisha? Naja na wanangu kuuchukua Jumamosi."

Hakuna aliyekuwa ameikata. Mzee Elieza aliishika kwa mikono miwili, akaondoa spika, akatoka nayo uani. Alikaa huko muda mrefu.

Muzammil hakuvaa tena aproni. Alipitisha kiganja juu ya mitaro, akapuliza vumbi lililobaki ndani ya ile tisa.

"Asante, Zakia. Ningelala ndani leo. Kumbe ulikuja kukikagua kioo baada ya kuharibika, mimi hata sikuwaza."

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Aliuegemeza ufagio ukutani.

"Si baada," alisema. "Ilikuwa saa moja na nusu, hujafika. Niliona jina moja, nikasema mimi nani nimfundishe fundi. Ulipobonyeza nilikuwa nimesimama hapa hapa, nyuma yako."