Tangazo Lenye Wino wa Zambarau

"Wananchi wote wa Kinoo mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, hakuna atakayekamatwa kwa kupatikana na bangi. Serikali imetafakari, imepima, na imeamua."

Maneno mazito hayo. Serikali iliyotafakari na kupima ilikuwa mimi, Kui, mwenye umri wa miaka kumi na minne, nikiwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikila ndizi.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo fupi, siku ambayo humsaidia Mama katika duka lake la uchapishaji, River Road, katikati ya Nairobi. Hufagia, hukunja kadi za harusi, hupokea simu. Shule yetu ya bweni ingekuwa na mdahalo Jumatano iliyofuata: je, sheria iache kuwaadhibu wanaopatikana na bangi? Mimi nilikuwa upande wa ndiyo. Upande wa la uliongozwa na Ndungu, jirani yetu, aliyenicheka njia nzima tukirudi nyumbani.

"Serikali haiwezi kukubaliana na wewe, Kui, hata ukiipigia magoti," alisema.

Basi Mama alipotoka kumpelekea mteja kadi, nilichapa tangazo langu na kutoa nakala mbili, endapo moja ingechanika. Bado halikuwa na uzito. Nikachukua muhuri ambao Mama hugonga kwenye oda za wateja, nikagonga: IMEPOKELEWA. Wino wa zambarau ukanienea vidoleni. Sasa lilikuwa tangazo kweli. Kwetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia maandazi. Yenye muhuri, watu huisoma wakiwa wamesimama wima.

Saa tisa nilikuwa Kinoo, mtaani kwetu. Nililibandika kwenye ubao wa matangazo ya Chifu, kisha nikajificha nyuma ya magunia ya viazi. Ndungu angepita hapo akienda mazoezi ya kwaya, angepiga yowe, nami ningelibandua. Dakika tano tu.

Ndungu hakupita. Nilisimama, nikakaa, nikafunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa. Watu wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja alivaa miwani, akasoma hadi mwisho.

"Hii ni uongo," akasema.

"Uongo gani, mzee?" mama muuza viazi akamjibu. "Kwani huoni muhuri?"

Mzee akausogelea, akauona, akavua miwani. Hakuna aliyejali kusoma muhuri wenyewe ulisema nini.

Nilitaka kulibandua, lakini nani hubandua tangazo la serikali mbele ya watu ishirini? Ndipo akaja kaka yangu Dan, viatu vimejaa nyasi za Kitisuru anakotunza bustani. Alisoma mara mbili, akatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, kisha akaenda nyuma ya kibanda cha kinyozi. Moshi ulipopanda, nilisahau kujificha. Sikujua kwamba Dan huvuta. Polisi wawili waliokuwa wakipita waliijua harufu ile vizuri.

"Afande, tulia," Dan aliwaambia, naye akiwa ametulia mno. "Hamjasoma tangazo? Si iko pale kwa ubao?"

Walilisoma. Wakalibandua. Wakamchukua Dan pamoja nalo.

Kufikia saa kumi na moja, Mama nami tulikuwa kituoni. Dan alikuwa ameketi sakafuni bila mshipi wala viatu.

"Bangi ni kosa moja, mama," afisa alisema. "Lakini kughushi tangazo la serikali ni kosa kubwa zaidi, na huyu ndiye aliyekuja kulitumia. Nani mwingine angeliandika?"

"Mimi hata kompyuta sijui kuwasha," Dan alisema. Hakuna aliyemsikiliza.

Nilitembea hadi mlangoni, nikarudi, nikatembea tena.

"Wewe msichana, keti!" afisa akafoka.

Nikaketi. Miguu ilikataa kuketi.

Kisha akaingia Chifu Mukai, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Aliitazama karatasi. "Imepokelewa," akasoma. "Imepokelewa na nani?" Akampa Mama.

Mama aliuangalia muhuri ule kwa muda mrefu. Herufi M ilikuwa imekatika mguu. Aliwahi kuniambia mara kumi kwamba atanunua mwingine.

"Kui," akasema polepole, "nionyeshe mikono."

Nilikuwa nimeificha mifukoni tangu tuingie. Nikaitoa.

"Ni mimi," nikasema. "Dan hakuandika chochote. Nilitaka kumtania Ndungu." Nikawaeleza habari za mdahalo na za magunia ya viazi.

Hapo Dan akaondolewa lawama ya kughushi. Aliachiliwa kwa dhamana, lakini suala la bangi angelijibu mahakamani Jumatatu. Mimi nilikabidhiwa Mama, na mwalimu mkuu angearifiwa.

"Lakini Chifu," nilisema, maana mdomo wangu hauna breki, "si hii inaonyesha sheria ni mbaya? Dan hakumdhuru mtu."

"Huenda," Chifu akajibu. "Wapo wanaotaka kijana kama Dan apelekwe kwa daktari badala ya kortini. Wapo walioona bangi ikiwaharibia watoto, hawataki hata kusikia. Ndiyo maana kuna bunge, kuna mikutano ya wananchi, kuna huo mdahalo wako. Sheria hubadilishwa na watu wanaosimama na kutaja majina yao. Wewe ulijificha nyuma ya viazi ukasema kwa jina la serikali, na aliyeumia ni aliyekuamini."

Dan alikuwa akivaa viatu. Hakunitazama.

Chifu akanipa karatasi tupu. Niliandika: "Mimi, Kui, ndiye niliyetunga tangazo la uongo kuhusu bangi. Sheria haijabadilika. Kaka yangu Dan hakujua kuwa ni la uongo. Naomba radhi." Nikatia sahihi, bila muhuri.

"Umesema yote?" Chifu akauliza.

"Yote, Chifu."

Mama hakuwa ameniondolea macho. "Kui, ulitoa nakala ngapi?"

Nilitazama vidole vyangu vya zambarau.

"Mbili," nikasema. "Ya pili niliibandika kwenye ubao wa kanisa, endapo Ndungu angepita njia nyingine. Na kesho ni Jumapili."