Siri ya Babu Kwenye Barabara ya Pwani

Kila Jumatano, baada ya kifungua kinywa, Babu alifuta vioo vya gari na Bibi akajaza chai kwenye chupa, kisha wakaondoka zao kutembea kando ya bahari. Wote wawili walikuwa wamestaafu. Babu alifundisha watu udereva kwa miaka thelathini na mmoja, na Bibi alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Jumamosi na Jumapili waliwaachia wenye kazi. Katikati ya wiki, tena msimu wa baridi, barabara ya pwani ilikuwa kama yao peke yao. Walisimama walipotaka, wakarudi walipochoka.

Likizo ile mjukuu wao wa miaka kumi na miwili alikuja kukaa nao. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Tangu safari ya kwanza Bibi alimwachia kiti cha mbele, yeye akakaa nyuma na sweta aliyokuwa akiifuma. Babu akaanzisha mchezo: Chiriku asome kwa sauti kila alama ya barabarani waliyoikaribia. Kona kali kushoto. Punguza mwendo. Daraja jembamba. Babu alimsifu, akasema atafaulu mtihani wa udereva kabla hajamaliza shule.

Jumatano ya tatu, walipokuwa wakimngoja Bibi nje, Babu aliinua mkono akamsalimu jirani na kumuuliza habari za mgongo wake. Jirani hakuwepo. Lilikuwa koti tu, limeanikwa uani. Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu, lakini Babu hakucheka. Alimvuta kando, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba macho yake yameingia ukungu tangu miezi kadhaa iliyopita. Bibi akijua atachukua funguo, na matembezi ya Jumatano yatakuwa ndiyo basi tena.

"Wewe ndiye macho yangu," alisema. "Iwe siri yetu sisi wawili."

Chiriku aliona fahari kuaminiwa na mtu mzima kiasi hicho, akakubali.

Walipofika pwani bahari ilikuwa imechafuka na manyunyu yameanza. Chiriku alisoma alama moja baada ya nyingine, mpaka mahali ambapo barabara inapita karibu kabisa na maji. Hapo wimbi kubwa lilipiga ukuta wa mawe, likaruka juu na kumwagika njiani. Akageuza shingo kulitazama, na kwa muda mfupi akaisahau kazi yake.

Aliporudisha macho mbele, mwanamke mpeleka barua alikuwa katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu, akikokota baiskeli yake. Babu hakuwa amepunguza mwendo hata kidogo.

"Babu, simama!"

Babu alikanyaga breki kwa nguvu zote. Gari likaserereka, likasimama shubiri moja tu kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Mwanamke aliruka nyuma, baiskeli ikaanguka, barua zikatapakaa kwenye lami yenye maji. Wote walishuka kuziokota. Mikono ya mpeleka barua ilitetemeka hata akashindwa kufunga mkoba wake, ikabidi Bibi amfungie. Babu aliomba radhi mara nyingi, akieleza kuwa kioo kilikuwa kimejaa mvua.

Walikwenda mbele kidogo, wakaegesha gari, na Bibi akamimina chai. Chiriku alishika kikombe chake bila kunywa. Akisema, atakuwa amemgeuka Babu yake, na furaha ya wazee wawili itakwisha kwa sababu yake. Asiposema, Jumatano ijayo watapita tena kwenye kivuko kile. Kila alipofumba macho aliiona ile mikono ikitetemeka.

"Chiriku kunyamaza hivi si bure," Bibi alisema. "Kuna nini, mjukuu wangu?"

Babu aliinamia kikombe chake.

"Bibi, Babu haoni vizuri. Mimi ndiye ninayemsomea njia." Machozi yalimtiririka. "Na leo nilitazama bahari."

Bibi hakufoka. Alimgeukia mumewe, akanyoosha mkono. Babu alitoa funguo, akaziweka kiganjani mwake. Alikiri kwamba aliogopa: mtu aliyefundisha nusu ya mji kuendesha gari ataanzaje kusema haioni barabara? Bibi alimjibu kwamba wamekula meza moja kwa miaka arobaini, na kilichomuuma si macho hayo bali kufichwa.

Alirudi nao nyumbani polepole, yeye akiwa kwenye usukani. Kila walipokaribia kona, mguu wa Babu ulikanyaga breki isiyokuwepo, na Bibi akamwambia mwanafunzi atulie. Hata Chiriku alitabasamu.

Kesho yake daktari wa macho alimpima Babu. Ilikuwa mtoto wa jicho, pande zote mbili, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mdogo. Babu alisema amelea watoto watano, kumbe wa sita alikuwa amejificha jichoni. Wiki iliyofuata alipasuliwa jicho la kwanza, akapangiwa siku ya la pili.

Matembezi nayo hayakukatika, ila dereva sasa alikuwa Bibi. Jumatano ya mwisho ya likizo walimkuta mpeleka barua akipandisha kilima, na Babu akaomba gari lisimame. Alishuka, akavua kofia.

"Siku ile niliisingizia mvua," alimwambia. "Mvua haikuwa na kosa. Sikuwa ninaona, na nilijua kwamba sioni."

Mpeleka barua alikunja uso. Kisha akasema ana watoto wawili nyumbani wanaomngoja kila jioni. Akamshukuru kwa kusema kweli, akamtaka asirudie tena. Babu aliahidi.

Aliporudi garini aligeukia kiti cha nyuma.

"Mjukuu wangu, nilikutwika mzigo wa mtu mzima, na kosa hilo ni langu, si lako. Ila shika neno moja. Siri ya kutunza ni ile isiyomdhuru mtu. Ukiona siri inaweza kumwumiza mtu, mwambie mkubwa unayemwamini, hata kama mwenye siri unampenda. Na ukimpenda kweli, ndiyo sababu zaidi ya kusema."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Bibi akatazama nyuma, akatazama mbele, akatia gia, wakaendelea na safari.