Aliyeitikia Santuri

Ijumaa ile, jua likielekea kuzama, nilipanda baiskeli nikashuka mjini Bukoba kununua sindano za gramafoni. Umedbhai alikuwa ameanza kufunga duka lake. Aliponiona akafungua tena ubao mmoja wa mlango, akanitolea kikopo cha bati bila kuniuliza nimefuata nini. Akanitania kwamba huenda sindano ninazila.

Nilimjibu kwamba wanaokula sindano ni wale wanaopiga santuri ishirini kwa sindano moja, kisha wanalalamika eti waimbaji wa siku hizi wana mafua. Mtu wa aina hiyo simkaribishi kwangu. Sindano mpya kwa kila upande wa santuri, ndiyo sheria yangu. Mke wangu Anatolia alizoea kusema kwamba kama ningewajali watu nusu ya ninavyozijali santuri, ningekuwa askofu.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtaona.

Ulikuwa mwaka 1953. Mimi, Bartholomayo, nilikuwa mwalimu, na nyumba yangu ilikuwa Kahororo, nje kidogo ya mji. Kwa mwezi mzima nilikuwa naandaa mkutano wa wapenzi wa gramafoni. Niliandika barua kwa mkono wangu, nikapanga Jumamosi, saa tisa alasiri, kila mtu aje na mashine yake. Tulitaka kumaliza ubishi wa muda mrefu: ya nani inaimba vizuri zaidi?

Wanne tuliitikia wito. Mimi na kisanduku changu cha kubeba mkononi. Adventina, mkunga, mwanamke asiyeogopa kitu, na mashine aliyoachiwa na bwana mmoja aliyerudi Ulaya. Clavery, mkulima wa kahawa wa Izigo, aliyesafiri kwenye lori huku amepakata gramafoni yake kutwa nzima. Na Umedbhai mwenyewe, ambaye mashine yake kubwa yenye pembe ya shaba ilibebwa na watu wawili.

Anatolia alitandika nyasi mbichi sakafuni. Binti yetu Joviana, mwenye miaka minane, akapitisha kibakuli cha kahawa ya kutafuna, akimpigia goti kila mgeni. Alikuwa akiimba chinichini. Mtoto yule hakujua kutembea bila kuimba. Kanisani wazee walikuwa wakigeuza shingo kumtazama.

Nikasoma sheria. Mashine zote zitapiga santuri moja, ileile, kuanzia iliyo dhaifu hadi iliyo bora. Sindano mpya kila mara. Na mtu yeyote asitoe sauti hadi santuri iishe.

Tatizo likawa santuri yenyewe. Adventina alizikagua zangu zote dirishani, moja moja, akazikataa. Hii imepasuka. Hii imelika. Ukipima mashine kwa santuri mbovu, alisema, umepima ubovu. Mwishowe akavuta moja iliyokuwa chini kabisa, ndani ya bahasha yake, nyeusi, inang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Hii hapa," alisema. "Mbona huipigi?"

Ilikuwa santuri ya Datius.

Datius wa Rubafu alikuwa mpiga enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi, na sauti yake ilikuwa ya kumliza mtu mzima. Tulipokuwa vijana tulikula omukago, undugu wa damu. Tulichanjana tumboni, tukapasua tunda moja la kahawa, tukapaka damu punje zake mbili, kila mmoja akameza ya mwenzake. Tukaapa: nyumba yangu ni yako, mwanangu ni wako, ukiniita nitaitika.

Baadaye alipanda meli kwenda Kampala, akarekodiwa na Wazungu santuri moja tu. Akaniletea yangu mkononi. Kisha akaanza kukohoa. Hakuwa na mtoto. Aliniandikia barua akiomba Joviana aende Rubafu likizo moja tu, amfundishe nyimbo zake zisije zikafa naye.

Sikumjibu. Niliogopa kile kifua. Nilijiambia pia kwamba mimi ni Mlutheri, viapo vya damu nimeviacha. Akaandika tena. Sikujibu. Mara ya tatu ikaja habari ya msiba, na hata kuzika sikwenda, kwa aibu. Tangu siku hiyo santuri yake sikuigusa. Ndiyo maana ilikuwa nzima.

Ningeweza kukataa. Lakini wageni walikuwa wananitazama, na ile santuri ilikuwa safi kweli. Mtu mwenye akili angefikiria sauti ya nani imo ndani. Mimi nilifikiria mifereji ya sindano tu.

Nikaanza na kisanduku changu. Nikatia ufunguo, nikafunga sindano mpya, nikaishusha.

Enanga ikalia. Datius akaimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mbali, lakini ilikuwa yake, na moyo ukaniuma. Kuelekea mwisho, nyuma ya nyuzi, nikasikia kitu ambacho sikukikumbuka.

Kikohozi.

Kimoja tu. Kisha mtu akasema jambo fupi, chini kwa chini. Nikajiambia ni Mzungu wa Kampala aliyekuwa chumbani.

Ikaja zamu ya Adventina. Mashine yake ilikuwa bora kuliko yangu, nakiri. Sasa niliweza kusikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Nilisikia pumzi. Nzito... yenye maji ndani yake. Wimbo ulipofika mwisho, ile sauti ya chini ikaja tena, na safari hii ilikuwa neno.

"Bartholomayo."

Nikatazama wenzangu. Clavery alikuwa amekunja uso. Umedbhai alikuwa anasikiliza springi ya mashine, si maneno. Lafudhi ilikuwa ya Kihaya, na sauti ilikuwa ya Datius, ya mgonjwa aliyelala kitandani.

Ningepaswa kuitika wakati huo. Neno moja tu lilitosha. Lakini sheria ya kunyamaza niliitunga mimi, na tena niliona haya: mwalimu mzima, mbele ya wageni, aitikie sanduku?

Nikanyamaza.

Clavery akaweka yake mezani. Akafunga sindano. Nje jua lilikuwa limeshuka, na chumba kimeanza kuwa cha rangi ya majivu. Anatolia alikuwa jikoni na Joviana wakimenya ndizi. Santuri ikazunguka... Nikasikia harufu.

Kafuri.

Datius alikuwa akijipaka kafuri kifuani kila jioni. Harufu ilitoka mle ndani ya mashine, kali, hadi Adventina akapangusa pua. Wimbo ukaisha. Kimya cha pumzi tatu.

"Bartholomayo, nakuita."

Safari hii wote walisikia. Clavery alinigeukia, midomo ikiwa wazi. Lile kovu dogo la tumboni, ambalo nilikuwa nimelisahau kwa miaka, likaanza kuwasha.

Nilibana meno. Niliogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Niliogopa nikiitika nitaambiwa nifanye nini.

Nikasema tuishie hapo. Umedbhai hakukubali. Mashine yake imebebwa kutoka mjini, alisema kwa upole, na hayo mengine ni kelele za kiwandani tu. Yeye Kihaya alikijua cha sokoni, cha bei na mizani. Akafunga sindano, akageuza ile pembe ya shaba ikaelekea mlango wa jikoni ili sauti ipate nafasi.

Akashusha mkono wa sindano.

Sijapata kusikia sauti safi vile, wala sitaki kuisikia tena. Hapakuwa na mkwaruzo. Datius alikuwa chumbani. Niliweza kusikia mate yake, na nyasi zikivunjika chini ya miguu yake. Nilitazama nyasi za Anatolia.

Zilikuwa zikilala, moja moja, kuelekea jikoni.

Wimbo haukufika mwisho. Ulikatika katikati, ingawa sahani ilikuwa bado inazunguka.

"Bartholomayo. Umenyamaza tena."

Pumzi.

"Basi. Joviana... mwana wange."

Na kutoka mlango wa jikoni, kwa adabu yote tuliyomfundisha ya kumwitikia mkubwa, mtoto wangu akasema:

"Waitu."

Enanga ikaanza upya. Datius akaimba, na juu ya sauti yake ikapanda nyingine, ya mtoto, safi, ikiufuata wimbo ambao mwanangu hakuwahi kufundishwa. Nilimtazama Joviana. Alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha ndizi mkononi.

Midomo yake ilikuwa imefumba.

Sikufikiri. Niliinyakua santuri, sindano ikalia vibaya, nikaipiga kwenye jiwe la mlangoni. Ikavunjika vipande vingi. Nikavikanyaga.

Kimya.

Joviana alinijia mbio. Akanishika shati, akanitazama usoni, akafungua mdomo kuniuliza jambo.

Haikutoka hata pumzi.

Adventina alimmulika koo kwa tochi jioni ileile. Koo ni zima, alisema, halina hata wekundu. Daktari naye akasema hivyohivyo. Mtoto alikula, alicheza, alikua. Hakusema tena, hata akijikwaa, hata akilia. Machozi yalitoka bila sauti, na hakuna kitu kinachomvunja mzazi kama hicho.

Wiki ya pili nilikwenda Rubafu kwa Kokubanza, dada yake Datius. Alikuwa anaanua kahawa jioni, hakuniwekea kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Aliniuliza nimeitwa mara ngapi. Nikahesabu: barua mbili, na mara tatu kwenye santuri.

"Na hukuitika hata moja," alisema.

Nikamwomba anifundishe la kufanya. Aliendelea kukunja mkeka wake. Alisema yeye si mganga, ni mkulima tu. Ndugu yake hakuwa mtu mbaya, alitaka mtu wa kuimba naye. Kama ningeitika mimi, pengine angenizomea, akaniacha. Kwa kuwa sikuitika, akamwita aliyefuata katika kiapo, yaani mwanangu.

"Angeweza kuombwa amrudishe," alisema. "Lakini wewe umevunja kitu mtoto akiwa ndani yake. Utamwomba Datius kupitia wapi?"

Ndipo akili ilipopambazuka. Santuri haitengenezwi moja tu; ya Datius lazima ilikuwa na nakala nyingine.

Umedbhai aliiandikia ile kampuni iliyomrekodi Datius. Ikajibu kwamba zilitolewa chache na chuma cha kuzichapia kimeshayeyushwa. Maskini Umedbhai, hakuacha kujilaumu kwa ile pembe. Kila mteja aliyeingia dukani, Umedbhai alimuuliza kama anayo santuri ile.

Nami nikawa mtu wa mikutano. Kwa miaka miwili niliita wapenzi wa gramafoni Kahororo, Kamachumu, Muleba. Nilikuwa naandika kwenye barua: njooni na santuri zenu zote, hata zilizopasuka. Watu walinisifu kwa kupenda muziki. Wengine walisema mwalimu amechanganyikiwa, ana mtoto bubu nyumbani naye anazurura na kisanduku. Niliwaacha waseme.

Jumatatu iliyopita nilipata barua ya Clavery kutoka Izigo. Ameikuta nakala nyingine ya santuri ya Datius ndani ya sanduku la marehemu mjomba wake, katikati ya nguo.

Nilifika kwake jioni ya Jumatano. Hatukusalimiana kwa kirefu. Alifunga sindano mpya, akashusha, akarudi nyuma hadi ukutani.

Enanga. Datius. Na sauti ya mtoto wangu.

Nilipiga magoti. Sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili. Lakini kuna kitu hakikuwa sawa, na ilinichukua muda kukitambua. Sauti ilikuwa nzito kidogo. Haikuwa tena ya mtoto wa miaka minane.

Ilikuwa imekua.

Wimbo ukaisha. Harufu ya kafuri ikajaa chumbani.

"Tata," akaniita Joviana, kama alivyokuwa akiniita mimi baba yake tangu aanze kusema. Akasubiri. "Tata, mbona huitiki?"

Nilifungua mdomo. Clavery aliruka akainua sindano, akanishika mabega, akaniambia nirudi kwanza nyumbani nikaongee na mke wangu. Alikuwa analia. Nikarudi.

Leo ni Ijumaa, jua linazama, nami nayaandika haya mezani kwangu. Kesho alasiri tunakutana Izigo. Adventina atakuwepo. Umedbhai anapeleka ile mashine kubwa, safari hii pembe itaelekea kwangu. Nimenunua kikopo kipya cha sindano.

Nimemwambia Anatolia kwamba kesho, nikiitwa, nitaitika. Akaniuliza swali moja tu: nikiitika, ni yeye atakayetoka, au ni mimi nitakayeingia?

Nimemwambia tu kwamba mtoto ameita, na mimi nimemaliza zamu zangu zote za kunyamaza.

Joviana amenifungia mkoba sasa hivi. Hakuna aliyemwambia kwamba nasafiri. Nimeufungua kutazama: shati, sindano, kitabu cha nyimbo. Na chini kabisa, kimekunjwa kwenye jani la mgomba, kipande cha kafuri. Ndani ya nyumba hii hatujawahi kuwa nayo.

Nimemgeukia kumuuliza ameitoa wapi. Ananitazama, anatabasamu, na midomo yake inacheza taratibu, inafuata wimbo ule wa Datius.