Goti la Bisi

Kila asubuhi msichana mmoja aliokota pini katika duka la shangazi yake, fundi cherehani, kisha akaenda shule peke yake. Mama yake alikuwa amepata kazi mbali, akamwacha kwa shangazi, na msichana bado alikuwa mgeni darasani. Wakati wa mapumziko alikaa tu akitazama wenzake wakicheza. Hakuna aliyemwita.

Siku moja alichuchumaa kufunga kamba za viatu, goti likalia ko.

"Limelia kama bisi," kiranja wa darasa akasema akicheka. "Hebu tena."

Akachuchumaa tena, likalia. Tangu siku hiyo akaitwa Bisi, na wenzake wakawa wanamzunguka kulisikiliza goti lake. Halikumuuma, naye alifurahi kuwa na watu.

Baadaye likaanza kuuma. Bisi alijikaza kisabuni, akaendelea kulikunja. Nikisema linauma, aliwaza, nani atakuja tena? Lilipovimba, alilificha chini ya sketi.

Asubuhi moja, akiokota pini, goti likakwama. Hakuweza kulinyoosha. Shangazi akaacha cherehani.

"Limeanza lini, mwanangu?"

"Siku nyingi, shangazi. Nilikuona una kazi."

Shangazi alifunga duka, wakaenda zahanati.

Daktari alilibonyeza goti polepole. "Goti kulia tu bila maumivu, mara nyingi si ugonjwa," alisema. "Lakini likiuma na lisipoe, likavimba, likakwama au likashindwa kukubeba, usingoje. Njoo tulitazame."

Akamfunga bandeji, akamkataza kuchuchumaa, akamtaka arudi kuangaliwa tena.

Shuleni wenzake walimzunguka kama kawaida.

"Leo halilii," Bisi akasema. "Linauma."

Wakatawanyika mmoja mmoja. Kiranja pekee ndiye aliyebaki. Akaketi kando yake.

"Mbona hukutuambia? Tusingekuchokoza."

Bisi akamwonyesha bandeji. Wakakaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Uvimbe ulipokwisha na daktari kumruhusu kucheza, Bisi alimsimulia shangazi yote, hata habari za wale walioondoka.

"Wale walilipenda goti," shangazi akasema, "huyu mmoja amekupenda wewe. Mwanangu, mwili ukiuma, sema mapema. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na upweke nao ni maradhi. Huo pia usinifiche, hata ukinikuta na kazi tele."

Akasogeza vitambaa kwenye benchi, Bisi akapata pa kukaa.