Mwenye Simu Yuko Nyuma

Kituo cha mabasi asubuhi hakina adabu. Kila mtu ana haraka, na kila begi lina kona ya kumchoma mwenzake. Katika zogo hilo ndipo dereva mmoja wa basi la shule, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, alipoweka simu iliyopasuka kioo juu ya meza ya fundi na kusema anaitaka sasa hivi.

Fundi alikuwa mwanamke. Alivaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, nywele kazifunga kwa kitambaa, na bisibisi ndogo kaishika kwa meno. Hakuinua macho.

"Sasa hivi imeshapita," alisema. "Iliyobaki ni baadaye."

"Dada, nina basi zima la watoto linanisubiri."

"Hongera, baba yao."

Dereva alicheka, akaiacha simu, akaifuata mchana. Kesho yake alileta chaja isiyo na ubovu wowote. Siku nyingine alileta spika za masikioni, ambazo nazo zilikuwa nzima. Mwishowe akawa anakuja mikono mitupu, anasimama tu pale mezani na kuzuia wateja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alifanya yote mawili, na Fundi akanunua.

Mapenzi yao yaliishi zaidi ndani ya simu, maana wote wawili walikuwa watu wa kazi. Umeamka? Umekula? Mbona kimya? Fundi hakuwa na subira. Ujumbe ukichelewa kujibiwa aliuona moyo wake ukihama kiti. Haikuwa tabia ya kuzaliwa nayo. Aliyemtangulia Dereva alikuwa akimwambia yuko kazini, kumbe yuko na mwingine wanachagua pete. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Siku Dereva alipomwomba wafunge ndoa, mama yake Dereva alisema kwanza ipo nadhiri. Miaka ya nyuma kijana huyo alipinduka na gari, akalala hospitali muda mrefu, na madaktari hawakuahidi kama angetembea tena. Mama, aliyekuwa muuguzi, alimwosha miguu ile kwa mikono yake, akaapa: ikisimama, itampeleka hadi patakatifu pa kale juu ya kilima, kwa njia ndefu ya mahujaji, mwanzo hadi mwisho, bila kupanda chombo chochote. Kila mwaka Dereva alikuwa akisema mwaka ujao.

Fundi aliliunga mkono neno la mama. Alimwambia Dereva kwamba jibu lake atalipata siku atakayofika kule juu, na kwa miguu. Watu wa kituoni walicheka. Mtu huyu, walisema, kama angeweza, angekwenda chooni na basi.

Kabla hajaondoka, Fundi aliitengeneza simu yake ili kila alipo aonekane kwenye ramani, nukta ya buluu. Dereva aliitia mfukoni, akaipapasa. "Nakubeba hapa, laazizi. Tutatembea wote."

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Nukta ilijikokota kama kobe, na Fundi alichomelea waya huku jicho moja likimsindikiza mpenzi wake. Kisha njia ikaingia milimani. Mtandao ukawa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kuaga. Fundi alipandisha simu juu, akaishusha, akaizima, akaiwasha. Akaunguza kidole.

Asubuhi moja nukta ikarudi. Ilikuwa inakimbia. Ilikata kona baada ya kona kando ya barabara kuu, ikapita mto, ikapita mji mdogo, kwa mwendo ambao hakuna miguu ya binadamu inayouweza. Fundi alikaa chini. Kesho yake ikakimbia tena.

Jioni Dereva alipiga, sauti yake ikikatikakatika. "Leo tumepanda mlima, roho yangu. Ulikuwa mfukoni. Ulinisikia nikihema?"

"Nilikusikia," alisema Fundi, na sauti yake ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

Hakumuuliza. Hapo ndipo alipokosea. Asubuhi iliyofuata alifunga kibanda, akaenda kwa mama na kumwekea simu mapajani. Mama alivaa miwani, akaitazama nukta ikikimbia mpaka iliposimama. Alimshukuru Fundi kwa upole uliouma kuliko matusi. Jioni, mbele ya Fundi, alimpigia mwanawe, naye pia hakuuliza. Alimwamuru arudi mwanzo wa njia aanze upya. Dereva alitaka kujua nani kampa habari hizo. Mama akamtaja.

"Sawa, mama," alisema Dereva, akakata simu.

Fundi hakulala. Mchana alipiga ili wagombane, maana ugomvi ni afadhali kuliko kimya. Ikapokelewa na sauti nzito, nyuma yake injini inanguruma.

"Wewe nani?" aliuliza Fundi.

"Wa gari la mizigo. Tunawabebea mahujaji mabegi, toka nyumba ya kulala hii hadi ile. Mwenye simu yuko nyuma."

Mtu yule alikuwa msemaji, akaeleza yote. Katika nyumba zile soketi ni moja na mahujaji ni wengi, wanagombea umeme kama kuku na punje. Dereva alimwomba, dereva kwa dereva, amchajie simu garini kila asubuhi, naye aichukue jioni akifika.

"Kwa hiyo yeye hapandi?"

"Huyu? Siku ya mvua nilimsihi apande, akanitukana kwa heshima. Ila leo usimngoje. Amegeuka. Anasema anaanza upya, na simu nikae nayo, yeye haitaki tena."

Fundi aliiweka bisibisi chini. Simu inakwenda mbele, mtu anarudi nyuma, na hakuna waya duniani wa kuwaunganisha.

Alfajiri alipanda basi. Liliposhindwa kwenda zaidi, alishuka mahali njia ya mahujaji inapokata lami, akashika uelekeo ambao hakuna mwingine aliyeushika. Viatu vyake vilikuwa vya kukalia dukani. Mahujaji walikuja wakikutana naye uso kwa uso, fimbo mkononi, na wote aliowauliza walimjibu kwa mshangao.

"Yule anayerudi? Yuko mbele yako, anachechemea," alisema mama mmoja mwenye kofia pana. "Mnaumwa nini ninyi wawili? Patakatifu ni huku."

Alimkuta kwenye bomba la maji, suruali kaikunja, miguu imo ndani ya ndoo. Lile shati jeupe lilikuwa na rangi ya njia.

"Umekuja na gari?" aliuliza Dereva bila kugeuka.

"Hadi lami. Hapa nimekuja kwa miguu."

"Kwa viatu hivyo?"

"Usinichekeshe, nimekuja kuomba msamaha."

Dereva aliinamia ndoo. "Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza, ungeniambia niko mfukoni."

Hilo lilimpata. Akakiri kwamba aliona haya kumwambia anamweka garini na mabegi ya watu, wakati aliahidi watatembea wote. Ulikuwa uongo mdogo.

"Kwangu hakuna mdogo," alisema Fundi. "Unamjua aliyenitangulia."

"Na wewe unajua miguu hii imetoka wapi. Ukaamini nimeipandisha gari."

Wote walikuwa wamesema kweli. Dereva alifuta miguu, akavaa viatu, akainuka kuendelea na safari yake ya kurudi.

"Neno la mama ni neno la mama," alisema.

"Alilisema kwa sababu yangu. Ngoja."

Fundi alipanda juu ya ukuta mfupi, akanyoosha mkono hewani, akazunguka huku na huku mpaka mtandao ukapatikana. Akaweka simu kwenye spika, akasema yote bila kujipaka mafuta: gari la mizigo, soketi moja, na kwamba mwenye kosa ni yeye aliyepeleka maneno kabla ya kuuliza.

"Miguu yake ikoje?" aliuliza mama.

Fundi aliitazama. Akamwambia: malengelenge juu ya malengelenge, ukucha mmoja umetoka, mguu wa kushoto umevimba.

"Mwambie ageuke," alisema mama, na sauti yake ya uuguzi ikavunjika. "Na anisamehe. Nilimzaa mimi, halafu nikaiamini ramani."

Dereva aligeuza uso, akajifanya anafunga bomba, lililokuwa limefungwa tayari.

"Kipande hiki nitakuwa nimekitembea mara tatu," alisema. Kisha akamtazama Fundi pale juu ukutani, gauni limejaa vumbi hadi magotini. "Na lile jibu langu?"

"Nilisema ukifika."

"Kwa mwendo huu nitafika nimezeeka."

Fundi alishuka, akamshika mkono. "Nimekubali. Ila usiniambie tena niko mfukoni wakati sipo."

"Utakuwa pembeni yangu. Mfukoni kuna joto."

"Mkwe wangu," ilisema simu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata, "kata simu mtembee. Jua linakwenda."