Nani Alishika Fimbo?

— Kaza, Mwalimu! Usimpe nafasi ya kupumua!

Nahodha alinipigia kelele toka kwenye usukani, macho yake mbele. Huyo ndiye mama wa mchumba wangu. Jana tu nilifika kisiwani kwao, ambako watu hupanda ndege kuja kuvua kwa mashindano, naye akanipokea hivi: "Wanawake wa nyumba hii kila mmoja ana samaki wake. Usipompata wako, utabaki mgeni hadi uote mvi."

Sasa sulisuli, samaki mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, alikuwa kwenye ndoana yangu. Fimbo ya kuvulia imepinda, mikono inawaka moto.

— Nipe kidogo, mchumba wangu alininong'oneza. Mama hatuoni.

— Usiguse!

Akagusa. Akaivuta fimbo mara mbili kwa nguvu zake zote, akaniachia. Samaki akaja.

Nahodha akatangaza habari gatini kwa redio. Punde simu yangu ikalia. Ujumbe wa wifi yangu: "Wifi weee! Gati limejaa, wanakusubiri! Nani tena atakuita mgeni?"

Gatini sulisuli akaning'inizwa kwenye mzani, mrefu kunipita. Vigelegele. Mzee wa mzani akainua mkono, akauliza swali analomuuliza kila mvuvi, maana fimbo ikiguswa na mtu wa pili samaki hahesabiki:

— Nani alishika fimbo?

— Yeye peke yake! mchumba wangu akawahi.

— Tulikuwa wawili, nikasema.

Vigelegele vikakatika.

— Mpenzi, unafanya nini? Nilitaka wakupende!

— Nilikuja kuvua, sikuja kuvuliwa! Ungeniacha nishindwe, ningeshindwa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nahodha akamsogelea mwanawe.

— Marehemu baba yako alinigusia fimbo hivi hivi. Unajua nilimfanya nini?

— Hapana, mama.

— Nilimsukuma majini na saa yake mpya. Shukuru, wewe umepigwa maneno tu.

Akanigeukia, uso mkavu.

— Samaki hahesabiki.

— Najua, mama.

— Basi wewe bado mgeni.

— Mpaka kesho. Tunaondoka saa ngapi?

Alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, polepole, kama anayepima kitambaa. Kisha akacheka kwa sauti.

— Alfajiri. Mimi na wewe. Huyu abaki nchi kavu na mikono yake.

Mchumba wangu alikuwa amelowa jasho. Maneno yakamtoka kabla hajayapanga:

— Nimekosa, nisamehe. Lakini... bado utanioa?

Loo! Gati zima likaangua kicheko. Mwanamume mzima, mabega kama mlango, anaomba kuolewa! Wifi alikaa chini, kashika mbavu. Mchumba wangu akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatua.

Mimi sikucheka. Nilisimama wima mbele ya watu wake wote, chumvi usoni, nikamshika mkono.

— Nitakuoa, nikamwambia. Kajitayarishe.