Maneno Ambayo Idman Hakuyatafsiri

Chai ya asubuhi haikuwa na sukari, na kila mtu nyumbani kwa Rukiyo alijua ni kwa sababu ya nani. Bishar, kitindamimba wa miaka sita, aliionja, akakunja uso na kukisukuma kikombe. Hinda, binti wa shangazi yao aliyeishi nao ili asome Garissa, aliinywa huku amefumba macho. Idman, dada yake Bishar, aliimaliza yote kwa ukaidi tu. Alikuwa ameamka na hasira, nguo yake ya kulalia imelowa jasho, na tangu hapo alikuwa akitafuta mtu wa kugombana naye.

Anayewajua watu wa Garissa anajua kwamba chai isiyo na sukari si chai. Ni maji ya kusuuzia sufuria. Lakini mwezi uliopita mama yao, Rukiyo, alikuwa ameubeba mkebe mzima wa sukari na kumpa Sahara, jirani yao muuza mikate ya anjera, kisha akaapa kwamba hata punje moja haitaingia tena bomani mwake.

"Hiyo ndiyo sumu ya mwanangu," alisema. "Kama yeye hanywi, hakuna atakayekunywa."

Hinda alimsogelea Idman walipokuwa wakipanga vitabu vyao vya shule. "Umetutesa sote," alinong'ona.

"Si mimi! Ni mama aliyeitoa sukari!"

"Na ugonjwa ni wa nani?"

Idman alitamani kumzaba kofi. Aliubeba mfuko wake akatoka mbio, akampita mwenye mkokoteni wa maji na punda wake bila hata salamu. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikichukia kila kitu: sindano ya asubuhi, sindano ya jioni, kichupa cha dawa kilichotunzwa ndani ya mtungi uliofunikwa gunia bichi ili kisipate joto, kana kwamba ndicho mgeni wa heshima, na chai ile chungu. Zaidi ya yote aliichukia sauti ndogo iliyomwambia kwamba kuhusu chai, Hinda alisema kweli. Mkosaji alikuwa yeye.

Mambo yalianzia hospitali kubwa ya mjini, siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani. Alikuwa amekonda kwa miezi, akinywa maji bila kukata kiu, hadi akaanguka darasani. Madaktari walisema ana kisukari. Mwili wake haukutengeneza tena insulini, kwa hiyo angedungwa sindano kila siku ya maisha yake. Sista Kalekye, muuguzi mrefu mwenyeji wa Mwingi, aliwaketisha yeye na mama yake ili awaeleze jinsi ya kuishi na ugonjwa huo.

Sasa, Rukiyo alikulia nyikani upande wa Bute, akichunga ngamia. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Baba, Kerrow, alikuwa na mifugo huko Wajir kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hivyo Idman ndiye aliyekuwa mkalimani wa mama kila mahali, kwa chifu, shuleni na dukani, na siku ile hospitalini pia.

"Mwambie mama hivi," Sista Kalekye alisema taratibu. "Chai yako ya kila siku isiwekwe sukari. Lakini sukari isikosekane kamwe nyumbani, kwa sababu dawa hii hushusha sukari mwilini, na inaweza kuishusha kupita kiasi, hasa usiku. Ukishadungwa sindano, lazima ule. Usiku mtu akuangalie. Ukitokwa na jasho baridi, ukitetemeka, au ukiwa na hasira zisizo na mbele wala nyuma, hapo sukari imeshuka. Upewe maji yenye sukari mara moja, na usidungwe sindano nyingine hata kidogo. Ukishindwa kumeza, usimiminiwe chochote mdomoni. Uletwe hapa mbio."

Mama alimgeukia. "Amesema nini?"

Idman alifikiri haraka. Wakati wa joto, yeye na Hinda walilala uani, kwenye mkeka mmoja na chini ya chandarua kimoja, wakipiga soga hadi usingizi uwachukue. Mama akisikia kwamba binti yake anapaswa kuangaliwa usiku, mkeka huo utakwisha siku hiyo hiyo. Atamvuta ndani, amlaze ubavuni mwake, ampapase usiku kucha kama mtoto mchanga. Sindano alikuwa amezikubali kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Usiku wake hakutaka kuugawa na ugonjwa.

"Amesema nidungwe asubuhi na jioni," alijibu kwa Kisomali, "na nisipewe sukari."

"Hayo tu? Mbona amesema maneno mengi?"

"Kiswahili ndivyo kilivyo, hooyo," alimwambia mama. "Kina maneno mengi."

Sista Kalekye aliwatazama wote wawili. "Umemwambia yote?"

"Yote, sista."

Ndivyo mama alivyorudi nyumbani akiamini kwamba adui ni sukari peke yake, na mkebe ukahamia kwa Sahara.

Siku hiyo ya chai chungu, Idman aliporudi kutoka shule alikuta mgeni. Kaaha, binamu ya mama, alikuwa ameteremka kutoka Wajir kwa lori la mbuzi, na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye shela yake. Mama alimkaribisha kwa chai. Kaaha alipiga funda moja, akakitazama kikombe, akamtazama mwenyeji wake.

"Rukiyo, mmefilisika?"

"Hatujafilisika. Idman ana ugonjwa wa sukari. Tumeiacha wote."

Kaaha alimgeukia Idman, akampima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni. "Masikini ya Mungu," alisema. "Na sindano kila siku? Nani atamwoa?"

Mama alicheka kidogo, kicheko cha kumstahi mgeni, lakini Idman alikisikia kama tusi. Uso ulimwaka moto. "Mimi si mbuzi wa sokoni!" alisema kwa sauti. "Wala sijamwomba mtu anioe!"

"Naa, wewe msichana! Adabu!" Mama alisimama. "Mbele ya mgeni?"

"Na wewe umenitangaza mbele ya mgeni!"

Alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko hadi Kaaha alipoaga. Jua lilipotua mama alimwita, akamdunga sindano. Chakula kilikuwa wali na mchuzi wa mbuzi. Idman aliisukuma sahani.

"Sili."

"Kula."

"Nimesema sili."

Mama naye alikuwa bado amevimba kwa hasira. "Basi usile," alisema. "Njaa itakufunza adabu." Akaichukua sahani na kumpa Bishar. Angejua maneno ya sista, angemlisha kwa nguvu, tonge kwa tonge, hata kama angelazimika kumkalia. Lakini hakuyajua. Aliyeyajua alikuwa Idman, naye alikwenda zake mkekani, dawa mwilini na tumbo tupu, akiona kwamba ameshinda.

Usiku huo Hinda aliamshwa na teke. Idman alikuwa akirusha mikono na miguu, amekitia chandarua matatani, akitukana kwa sauti ya mlevi. Hinda alipomshika, alimkuta ameloa chapachapa, mwili wake baridi. "Mama!" Hinda alipiga kelele. "Mama, njoo!"

Rukiyo alifika na kurunzi. Idman aliuona mwanga, akauchukia. Aliuona uso wa mama, akauchukia pia. "Ondoka!" alifoka. "Wewe si mama yangu! Wewe unanitesa!"

Mkono wa mama uliinuka kumpiga, kisha ukashuka na kumgusa shingoni. Jasho, na mtetemeko usiotulia. Uso wa mama ulibadilika. "Ugonjwa umempanda," alisema. "Hinda, mshike. Naleta dawa."

Idman alisikia gunia bichi likiondolewa juu ya mtungi. Mawazo yake yalikuwa yakiteleza. Kila alilojaribu kulishika lilimponyoka, na njaa ilikuwa ikimkata tumboni. Kisha aliiona sindano mkononi mwa mama, imejazwa tayari, ikimjia. Maneno ya sista yakamrudia kwa Kiswahili, yale yale aliyoyameza: usidungwe nyingine hata kidogo.

"Usinidunge!" Alijikunyata. "Sukari. Nipe sukari."

"Sukari?" Mama alishtuka. "Hata saa hii unataka sumu? Hinda, mshike mkono!"

"Hooyo, nilikudanganya!" Ulimi wake ulikuwa mzito, akaulazimisha. "Sista alisema. Hospitalini. Dawa inashusha. Nikitetemeka nipewe sukari, nisidungwe. Sikukuambia. Wallahi sikukuambia."

Mama alisimama juu yake, sindano mkononi. Huyu ni mtoto aliyelilia chai tamu mwezi mzima. Mtoto wa namna hiyo angeweza kusema lolote ili apate kijiko cha sukari. Lakini mtoto anayetafuta sukari hubuni uongo wa kumpendeza mama, habuni aibu yake mwenyewe. Tena Rukiyo aliyakumbuka maneno mengi ya yule muuguzi, na machache yaliyomfikia.

Aliitupa sindano mchangani. "Hinda! Kimbia kwa Sahara. Mwamshe. Leta sukari!"

Hinda alikimbia peku. Sahara alikuja naye mwenyewe, amejifunga shuka, mkebe kifuani. Mama alikoroga sukari kwenye maji kwa kidole, akamkalisha Idman, akamnywesha kidogo kidogo huku akimwambia, "Meza. Meza tena." Baada ya kikombe cha pili kutetemeka kulipungua. Baadaye Idman aliona nyota, akamwona Bishar amesimama mlangoni analia, na akajua yuko wapi. Alipewa maziwa na wali uliobaki, akala wote.

Alingoja mama amgombeze. Lakini mama alikaa tu kando yake hadi adhana ya alfajiri, ameshika kikombe kitupu.

Asubuhi walikuwa wa kwanza hospitalini. Idman alidhani mama ataleta mkalimani mwingine. Lakini mama alimsukuma mbele ya Sista Kalekye na kusema, "Tafsiri wewe. Sentensi moja moja. Ukiruka neno nitalijua machoni mwake."

Ikabidi Idman aanze kwa kukiri. Sista Kalekye alisikiliza, akaweka kalamu chini, na hasira ikampanda waziwazi.

"Mwambie mama yako kwamba wewe ni mwongo," alisema.

Idman alimgeukia mama. "Anasema mimi ni mwongo."

"Mwambie ulikaribia kufa, si kwa kisukari bali kwa kiburi."

Alitafsiri na hilo, machozi yakimtiririka. Mama alitikisa kichwa kukubali, kisha akauliza kila kitu upya: ale nini kabla ya kulala, apewe sukari kiasi gani, aangaliwe mara ngapi. Idman alikuwa katikati, akibeba maneno kwenda na kurudi. Sista aliposikia kuhusu nguo iliyolowa na hasira za asubuhi ya jana, aliguna.

"Hata hizo zilikuwa dalili. Sukari ilikuwa ikishuka usiku na hakuna aliyejua. Ndiyo maana uliamka ukitafuta ugomvi." Sauti yake ililegea kidogo. "Lakini si hasira zote ni za sukari. Nyingine ni zako mwenyewe. Ugonjwa huu hukuuomba, na watu watasema upuuzi. Kasirika. Ila kasirika ukiwa umeshakula, na ukiwa umesema ukweli."

Idman alitafsiri, na kwa mara ya kwanza mama alitabasamu kidogo.

"Mwambie sukari inarudi nyumbani leo," mama alisema. "Na mkeka wao sitauondoa. Nitaleta wangu uani, nilale kando yao, nimguse usiku. Asipotaka, atazoea."

Idman hakutaka hata kidogo. Alitafsiri hivyo hivyo.

Sista alifurahi na kusimama, akidhani wamemaliza. Lakini mama alimshika Idman bega. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Kuna moja limebaki. Mwambie hivi. Mimi sisomi, na Kiswahili sikijui. Mahali kama hapa, mwanangu ndiye masikio yangu. Kosa langu ni kwamba niliona maneno yamepungua na sikuuliza mara ya pili. Kosa lake ni kwamba aliyapunguza. Jana usiku nilijaza sindano. Ningemuua binti yangu kwa mkono huu, huku nikidhani ninamtibu, na hadi kaburini nisingejua kwa nini amekufa. Mwambie hayo. Yote."

Sista Kalekye alikuwa akingoja. Hakuna mtu aliyemsaidia Idman. Alifuta uso kwa ncha ya mtandio wake, akamtazama sista machoni, akaanza: "Mama yangu anasema, mimi ndiye masikio yake."

Aliyasema yote hadi mwisho, na hakuacha hata neno moja.